Meli zipo, ramani haizioni: kupima kosa la kipokezi cha SDR kwa mnara wa simu

Kipokezi chenyewe ni kijiti cha USB cha SDR, yaani redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu ya kompyuta, na kimefungwa juu ya paa huko Kigamboni, upande wa bahari, mahali ambapo meli zinazosubiri kuingia bandari ya Dar es Salaam zinaonekana kwa macho zikiwa zimetia nanga. Mwenye kifaa ni kijana fundi wa elektroniki. Nia yake ni kupokea AIS, yaani matangazo ambayo meli hujitangazia kwa redio: namba yake ya utambulisho, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea. Matangazo hayo hurushwa hasa kwenye masafa mawili dunia nzima, MHz 161.975 na MHz 162.025, na yeyote mwenye kipokezi anaweza kuyasoma na kuziweka meli kwenye ramani ya kompyuta yake.

Lililomsumbua ni hili. Boti za abiria za Zanzibar zilionekana vizuri kila zilipopita mlango wa bandari. Meli za mizigo zilizotia nanga mbele ya macho yake, makontena yakionekana wazi, ramani haikuwa nazo. Mojamoja ilijitokeza, ikakaa kidogo, ikapotea.

Alikuwa ameshabadilisha waya wa antena. Antena yenyewe alikuwa ameikata upya kwa sentimita 46, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi kwa MHz 162, na alikuwa ameisimamisha wima kama inavyotakiwa. Alipokuja kwangu alikuwa anafikiria kununua amplifaya ya kuwekwa karibu na antena. Nilimwomba asinunue kitu kwanza. Nimeona watu wengi wakimwaga fedha kwenye antena na amplifaya huku kosa likiwa ndani ya kijiti chenyewe cha USB, na kosa hilo linapimika bure.

Kulikuwa na maelezo mengine ambayo ilibidi yaondolewe kwanza, kwa sababu yana ukweli ndani yake. Meli kubwa inapotembea hutangaza mahali ilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10, kutegemea mwendo wake na kama inageuka. Ikitia nanga, hutangaza kila baada ya dakika 3. Kwa hiyo ni kawaida kabisa boti inayokimbia kujaa kwenye ramani na meli iliyotulia kuonekana kwa nadra. Lakini dakika 3 maana yake ni mara 20 kwa saa. Yeye alikuwa akipata tangazo moja kwa saa, na kwa meli nyingine hata hilo hakulipata. Tena meli hizi hurusha kwa nguvu ya wati 12.5, na kati ya paa lake na nanga hakuna mlima wala ghorofa. Nadra ya matangazo peke yake haiwezi kueleza upungufu huo.

Tofauti iliyobaki ilikuwa nguvu ya mawimbi. Boti zilipita karibu sana na paa lake, meli za nanga zilikuwa mbali zaidi. Kipokezi kinachosikia wa karibu tu, huku antena na waya viko sawa, mimi hukituhumu kwanza kwamba kinasikiliza pembeni ya mahali panapotakiwa. Mwenye sauti kubwa husikika hata ukitega sikio pembeni.

Vijiti hivi vya USB vilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta. Ndani yake kuna chipu ya Realtek, RTL2832U, na pembeni yake chipu ya kuchagua masafa, mara nyingi R820T au ndugu zake. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba RTL2832U inaweza kuipa kompyuta sampuli ghafi za mawimbi badala ya picha ya televisheni, na watu wa mradi wa Osmocom wakaandika programu za kuitumia hivyo. Tangu hapo kifaa cha bei ya chini kikawa redio ya kusikiliza karibu kila kitu kuanzia MHz 24 hadi MHz 1,766.

Chipu zote mbili hupata mapigo yao kutoka kwenye kristali moja ya MHz 28.8. Televisheni ya kidijitali inavumilia kristali isiyo sahihi, kwa hiyo watengenezaji wa vijiti vya bei nafuu waliweka ya bei nafuu. Kosa la ppm 30, 50, hata 80 si ajabu. Ppm ni sehemu kwa milioni: kristali yenye kosa la ppm 50 inakuhamisha hertz 50 kwa kila MHz moja. Ukisikiliza redio ya FM hutagundua, maana chaneli yake ni pana. AIS ina chaneli ya kHz 25, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni kHz 12.5 tu. Ppm 50 kwenye MHz 162 ni kHz 8.1. Tayari umepita nusu ya njia kwenda nje ya chaneli, na sehemu ya mawimbi inakatwa na kichujio cha programu kabla haijasomwa.

Kristali hiyohiyo ndiyo inayopima pia kasi ya sampuli, na watu huuliza kama kosa la kasi haliharibu usomaji. Kwa AIS, hapana. Tangazo moja hutumwa ndani ya nafasi ya biti 256. Kosa la ppm 58, ambalo ndilo tulilolikuta mwishoni, linasogeza biti ya mwisho kwa chini ya sehemu mbili za mia za biti moja. Tatizo liko kwenye masafa peke yake.

Kijana alikuwa anajua habari ya ppm na alikuwa amejaribu kuipima. Alitumia programu ya majaribio ya vijiti hivi, rtl_test, yenye chaguo la -p, ambayo huhesabu sampuli zinazofika na kulinganisha na saa ya kompyuta. Majibu yalikuwa yakibadilika kila alipoanza upya, na haikuwa bahati mbaya. Saa ya kompyuta nayo inaendeshwa na kristali ya bei nafuu, na isiporekebishwa muda wote kupitia intaneti inaweza kuwa na kosa la ukubwa uleule. Maofisa wa Wakala wa Vipimo wanapokagua mizani sokoni hawachukui jiwe la muuza nyanya mmoja kupimia mizani ya muuza nyanya wa pili. Wanakuja na jiwe lao lililohakikiwa. Hapa pia tulihitaji jiwe la nje, lililo sahihi mara nyingi kuliko kijiti chenyewe.

Jiwe hilo liko kwenye kila mnara wa simu wenye GSM, ile 2G ya zamani. Kanuni za GSM zinataka masafa ya mnara wa kawaida yasikosee zaidi ya ppm 0.05. Kwa mawimbi ya MHz 947, hiyo ni chini ya hertz 50. Ukilinganisha na kijiti chenye kosa la makumi ya kilohertz, mnara unaweza kuhesabiwa kuwa hauna kosa kabisa.

Uzuri zaidi ni kwamba mnara unatangaza alama maalumu kwa kazi hii hii. Simu ya mkononi nayo ina kristali ya bei ya chini. Ikiwashwa haijui iko sahihi kiasi gani, lakini inapozungumza na mnara inatakiwa isitofautiane nao zaidi ya ppm 0.1. Kwa hiyo waliobuni GSM waliweka mlipuko mfupi wa mawimbi uitwao FCCH. Ndani yake biti zote ni sifuri. Kwa namna GSM inavyogeuza biti kuwa mawimbi, sifuri zikifuatana hutoa sauti moja safi isiyopinda, iliyo kHz 67.7 juu ya katikati ya chaneli. Mlipuko huu unarudi zaidi ya mara 20 kila sekunde, usiku na mchana. Simu inautafuta, inapima umekaa wapi, inajirekebisha. Kila kitochi kinachowashwa Tandale au Mbagala kinafanya hivyo kabla mwenyewe hajaona mtandao kwenye skrini.

Programu iitwayo Kalibrate, iliyoandikwa na Joshua Lackey na baadaye kufanyiwa toleo la vijiti vya RTL, inafanya kazi hiyohiyo kwa kompyuta. Amri yake ni kal. Inatafuta FCCH, inapima sauti ile safi imeangukia wapi kulinganisha na kHz 67.7 inazotegemea, na tofauti inaigeuza kuwa ppm.

Jambo la faragha niliseme mapema, kwa sababu wapo wanaosita. FCCH haina ujumbe, haina namba ya mtu wala mazungumzo. Ni sifuri tupu. Kuipima ni tofauti kabisa na kunasa mawasiliano ya watu, jambo ambalo sheria ya mawasiliano ya Tanzania ya mwaka 2010 inalikataza.

Nilimwambia kijana aendeshe kal -s GSM900, amri inayopekua chaneli zote za MHz 935 hadi 960. Nilimtaka aanzie hapo kwa sababu GSM ya pili, ile ya 1800, inatangaza kuanzia MHz 1,805, na R820T haifiki huko. Baada ya muda akaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Imemaliza kupekua, haijaleta chaneli hata moja. Na mnara uko hapa nyuma ya nyumba. Nadhani kijiti kimekufa."

Hapa ndipo watu wengi huacha. Kompyuta imetoa jibu tupu, na jibu tupu linasomeka kama "hakuna mawimbi" au "kifaa ni kibovu". Lakini kifaa kibovu kisingepokea boti za Zanzibar. Nikamwomba afungue programu ya kuonyesha mawimbi kwenye skrini, aende MHz 947, anitumie picha. Vilima vya GSM vilikuwa vimejipanga pale, kila kimoja na upana wake wa kHz 200, vikiwa na nguvu kweli. Mawimbi yalikuwa yanaingia. Aliyekataa kuyaona ni kal.

Sababu iko ndani ya programu. Inapopekua, kal haikubali kila sauti safi inayoikuta, kwa kuwa kelele nazo zinaweza kufanana na FCCH kwa bahati. Imewekewa mpaka: sauti ikiwa imekaa mbali zaidi ya kHz 40 na mahali inapotegemewa, inatupwa bila neno. Kwenye MHz 947, kHz 40 ni takriban ppm 42. Kijiti chenye kosa kubwa kuliko hapo hakipati chaneli hata moja, hata mnara ukiwa juu ya kichwa chako. Ninaamini huu ni upungufu wa programu nzuri. Ingeweza kusema "nimeona kitu lakini kiko mbali mno", na ingeokoa vijiti vingi vilivyotupwa.

Njia ya kuupita mpaka huo ni chaguo la -e, linaloipa programu makisio ya kosa kabla haijaanza. Nilimwambia: "Mdogo wangu, panda kwa hatua za ppm 30. Anza na -e 30, kisha 60, kisha rudi upande wa hasi." Hatua za 30 zinatosha kwa sababu dirisha la programu ni ppm 42 kila upande, hivyo hakuna pengo linaloachwa. Kwa -e 30 chaneli zikaanza kutokea. Kwa -e 60 zikajaa, zikiwa zimekaa karibu kabisa na katikati.

Baada ya hapo kipimo chenyewe hufanywa kwa chaneli moja moja. Chaneli ya 62, ambayo ni MHz 947.4, ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi pale. Amri ikawa kal -c 62 -e 60 -g 40. Programu ilikusanya milipuko mingi ya FCCH, ikatoa wastani wa hertz 1,900 juu ya mahali palipotegemewa, na kosa zima la ppm 58.

Alama za jumlisha na kutoa huwachanganya watu hapa. Kristali ya kijiti hiki inapiga haraka kuliko inavyosema. Bila marekebisho, kijiti kinajiweka juu ya masafa yaliyoombwa, kwa hiyo kila wimbi linaonekana liko chini ya mahali pake halisi. Tulipokipa makisio ya 60 tulikirudisha chini kupita kiasi, kwa ppm 2, na sasa wimbi likaonekana juu kidogo. Ndiyo hizo hertz 1,900. Sitini toa mbili ni 58, na namba hiyo huingizwa ilivyo kwenye programu nyingine za RTL, bila kugeuzwa alama.

Sikukubali namba ya chaneli moja. Chaneli ya 17 ilitoa 57.8, ya 101 ikatoa 58.1. Lakini ya 88 ilitoa 31. Kosa la kristali ni moja kwa kifaa kizima; haliwezi kuwa 58 kwa mnara huu na 31 kwa ule. Kilichoamua ni safu ambayo watu hawaisomi, ile inayoonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani. Kwenye chaneli tatu za kwanza mtawanyiko ulikuwa makumi ya hertz. Kwenye ya 88 ulikuwa maelfu. Hiyo ya 88 haikuwa na FCCH. Programu ilikuwa inaokota sauti kutoka kwenye kelele. Kipimo ambacho kina wastani mzuri na mtawanyiko wa maelfu ya hertz hakifai hata kuandikwa kwenye daftari.

Kuna mtego mwingine ambao hapa haukutunasa, ila kwa mwenye kijiti kibaya sana unawezekana. Chaneli za GSM zimepishana kwa kHz 200. Kosa likizidi nusu ya nafasi hiyo, yaani takriban ppm 105, programu inaweza kuishika chaneli ya jirani na kukupa namba safi, yenye mtawanyiko mdogo, iliyopotoka kwa ppm 211. Ndani ya kal yenyewe hakuna kinachoweza kukuonya. Dawa ni kwenda kwenye masafa mengine kabisa na kuangalia kama mambo yanalingana. Sisi tuliangalia AIS yenyewe: tuliweka 58 kwenye programu ya kuonyesha mawimbi, tukatazama milipuko ya meli kwenye skrini. Ilikaa kwenye 161.975 na 162.025. Kama tungekuwa tumeshika chaneli ya jirani, ingekaa kHz 34 pembeni, na hilo lingeonekana hata kwa mtu asiyezoea.

Sasa hesabu ya kilichokuwa kinatokea ikawa wazi. Ppm 58 kwenye MHz 162.025 ni kHz 9.4. Kati ya kHz 12.5 za kutoka katikati hadi ukingoni, alikuwa amesogea robo tatu. Boti iliyopita karibu ilikuwa na nguvu za kutosha kupenya hata hivyo. Meli iliyoko mbali, nusu ya wimbi lake ikikatwa, biti zake zilisomeka vibaya na programu ikautupa ujumbe mzima kwa sababu hesabu ya ukaguzi haikukubali. Amplifaya aliyotaka kununua ingeongeza nguvu ya wimbi lililopotea njia pamoja na kelele zake.

Kilichobaki ni joto, na kwa paa la bati la Dar es Salaam hili si dogo. Kristali za bei nafuu huhama zikipata joto. Kijiti kikiwa kimechomekwa sasa hivi kilisoma karibu ppm 54. Kilipopata joto lake la kawaida kikatulia kwenye 58. Ndiyo maana kipimo cha dakika ya kwanza hakifai. Acha kipokezi kikifanya kazi robo saa hadi nusu saa, ndipo upime. Adhuhuri, ndani ya kisanduku cha plastiki juani, kilipanda hadi 61. Ppm 3 kwenye MHz 162 ni hertz 486, na AIS inavumilia hizo bila shida. Angekuwa anapokea kitu chenye chaneli nyembamba sana, ningemshauri anunue kijiti chenye kristali iliyofidiwa joto, zile zenye kosa la ppm 1 hivi. Kwa meli hakuna haja. Nilimshauri tu ahamishie kisanduku upande wa kivuli na kukitoboa matundu chini.

Njia hii ina umri wake. Australia na Singapore zilizima GSM miaka mingi iliyopita, na mtandao mkubwa wa Marekani, AT&T, ulifunga 2G yake Januari 2017. Huko mtu anayeendesha kal hapati kitu, na inabidi atumie programu zinazopima minara ya LTE, kama LTE-Cell-Scanner, ambazo zinafanya kazi kwa alama za ulinganifu za 4G. Kwetu GSM bado iko kila kona kwa sababu vitochi bado viko mikononi mwa watu, na kutuma fedha kwa menyu ya nyota na reli kunazitegemea simu hizo. Mwenye kijiti Mombasa, Tanga au Bujumbura ana faida ambayo mwenzake wa Sydney hana tena. Aitumie sasa, na aandike namba ya kijiti chake kwenye kipande cha plasta akibandike mgongoni, pamoja na tarehe, kwa kuwa kristali huzeeka na namba husogea polepole mwaka hadi mwaka.

Kijana aliweka rtl_ais -p 58, amri ya programu inayosoma AIS kwa kijiti, kwenye faili linaloanza kompyuta inapowaka. Jioni hiyo meli za nanga ziliingia kwenye ramani moja baada ya nyingine, kila moja ikijitangaza kwa dakika zake 3, na nyingine mbili zikatokea mbali kusini, ambazo kutoka barazani kwake hazikuwa zikionekana.